Si ndege unayoiogopa, bibie

Barua, nimeifupisha: "Shangazi, mwanangu ana miaka 16 na hajawahi kupanda ndege. Mume wangu amemkatia tiketi aende kwa dada yake likizo nzima, peke yake, na njiani abadilishe ndege. Nilisema nimpeleke mwenyewe, mume kakataa katakata. Si kwamba nina neno na wifi yangu, ila roho ya mama huona mbali. Sasa pasipoti ya mtoto haionekani tangu Jumapili, nami nahisi ni ishara. Nifanyeje baba mtu anielewe?"

Pole, mama. Kumtoa mtoto machoni kunauma, hilo sikubishii.

Haya, pole imekwisha. Barua yako nzima nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Ndege umeitaja mara tatu. Wifi yako umemtaja mara tisa, ikiwemo ile harusi ambayo hukukalishwa meza ya mbele. Anayeogopa ndege huuliza habari za ndege, bibie. Wewe umeniuliza kama ni sawa mtoto alale wiki nne kwa mtu "anayejua kumvuta kwa zawadi". Unachoogopa ni kijana kurudi akisema kwa shangazi ni kuzuri. Na umekuja kumlalamikia nani? Shangazi! Mimi pia nina mawifi wanaonisema hivyohivyo.

Mumeo unamwita hajali. Lakini umeandika mwenyewe, kwa kumsengenya, kwamba alipiga simu shirika la ndege "kujifanya mjuaji". Huko ndiko kujali. Angekuuzia hiyo habari ungeinunua: mashirika mengi humhesabu wa miaka 16 kama msafiri mzima. Ule utaratibu wa kumkabidhi mtoto kwa mhudumu huwa ni lazima kwa wadogo, aghalabu walio chini ya miaka 12. Kijana kama wako, kwa baadhi ya mashirika, huombewa utaratibu huo na kulipiwa. Tena baba mtu ameandaa barua ya ridhaa ya wazazi, kwa sababu mpakani wanaweza kumuuliza mtoto nani kamruhusu. Sahihi yake ipo. Yako haipo, na karatasi ina wiki mbili juu ya friji.

Ndoa za siku hizi zimenichosha kwa jambo hili. Mume akipanga kitu na mtoto bila mke kushika usukani, inaitwa njama. Akikaa kimya, anaitwa baba jina. Mtoto wa kiume anageuzwa mume wa pili wa nyumba, anapakuliwa kwanza, anakunjiwa soksi, halafu akioa tunamlaumu mkwe kwamba kamteka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nawe umeshaanza kulia kabla ya mwana.

Turudi kwenye begi, maana hapo nilicheka peke yangu. Umelifunga usiku kijana akiwa amelala. Chupa kubwa ya losheni umeiweka kwenye mkoba wa mkononi. Pawabenki umeizika kwenye begi kubwa, katikati ya taulo. Umevigeuza vyote viwili. Tangu 2006 viwanja vingi haviruhusu chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100 kupita ukaguzini, na betri za namna ile hazipakiwi chini na mizigo, zinakaa na msafiri. Lifungue, umwage kila kitu kitandani, umwite mwenye safari alipange upya. Ukiona kakunja shati vibaya, toka nje.

Na hiyo kubadilisha ndege mwachie baba yake amweleze. Kama tiketi ni moja, kwa kawaida begi kubwa hufika hadi mwisho, ila aulize kaunta wakati wa kulikabidhi. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mahali husika, si za nyumbani. Geti linaweza kubadilika, kwa hiyo atazame ubao, asikariri karatasi. Na geti hufungwa kabla ya saa ya kuruka, ndipo wengi wanapoachwa wakiwa wameketi palepale na simu zao. Akipotea amfuate mwenye sare ya shirika. Asikupigie wewe, utamchanganya.

Unasema utaomba uingie naye hadi mlango wa ndege. Acha. Wa mwisho wangu nilimsindikiza hadi pale wasindikizaji wanapokomea. Alikuwa amevua mkanda, suruali kaishika kwa mkono mmoja, trei kwa mkono wa pili, viatu ndani ya trei. Nilimpungia mgongo. Hakugeuka. Nilimnunia siku mbili, kisha nikakumbuka kwamba angegeuka suruali ingeanguka.

Limebaki moja. Pasipoti imepotea ndani ya nyumba ileile, siku ileile mliyogombana, na wewe ndiye mwenye ufunguo wa kabati la nguo. Ishara gani hiyo yenye ufunguo? Itoe leo, kabla baba yake hajarudi kutoka kazini, na karatasi ya juu ya friji uisaini papo hapo. Akikuuliza ilikuwa wapi, mwambie umeiona chini ya mashuka. Mimi sitasema.