Manjano yamegoma kuota

SWALI: Shikamoo Bibi. Ninaishi penye baridi, mahali ambapo msimu ukifika nyasi huamka zikiwa nyeupe kwa sakitu. Nilipata vipande vya manjano mabichi, vinene, nikavifukia kwenye chungu chenye udongo mzuri na kukiweka barazani. Namwagilia kila asubuhi bila kukosa. Huu mwezi wa pili, hata jani sijaliona. Jirani ananicheka, anasema manjano ni ya nchi za joto, nishike vitunguu vyangu. Je, nikate tamaa?
— Msubiri Jani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo yenye faida kwako. Manjano hupenda joto la nyuzi 20 hadi 30, na sakitu huyaua majani usiku mmoja. Lakini kinachokukwamisha sasa ni baridi ya udongo, na udongo wa chungu kimoja unaweza kuupasha moto hata kama nje kumeganda.

Kwanza, acha kumwagilia. Kipande ulichofukia hakina mizizi bado, kwa hiyo maji unayomimina hayana mnywaji. Yanakaa pale pale kwenye ubaridi, na ukungu wa kuozesha unafanya karamu. Fukua leo. Minya kila kipande kwa kidole gumba: kigumu kimepona, kilicholegea na kunuka ukitupe pamoja na udongo wake. Kilichooza upande mmoja kikate mpaka ukutane na nyama safi ya rangi ya machungwa, kisha ukiache siku mbili kidonda kikauke. Wapo wanaopaka majivu kwenye kidonda. Sina ugomvi nao.

Sasa usipande. Amsha kwanza. Tafuta kopo la kina kifupi, utie mchanga au makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu wa kiasi kwamba ukiyafinya halidondoki tone. Laza vipande, vifunike kidogo, kisha weka kopo ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa. Mahali pake ni popote penye joto usiku na mchana: juu ya friji kwa nyuma, au kabatini karibu na tangi la maji ya moto. Unatafuta nyuzi 25 hadi 30, na kipimajoto ukichomeke mchangani, maana hewa ya chumba hudanganya. Mwanga hauhitajiki mpaka macho, yale manundu ya kuchipukia, yachomoze. Huenda ukasubiri wiki tatu, huenda nane. Chungulia mara moja kwa wiki na uondoe chochote kilichoanza kulegea.

Likishatoka chipukizi la urefu wa kidole, hamishia kwenye chungu chenye matundu chini na upana usiopungua sentimita 30. Upana ndio wa kuangalia, kwa kuwa matunguu, yaani vile vipande vinavyonenepa udongoni, hutambaa kando kuliko yanavyozama. Udongo uwe tifutifu, wenye mboji, na kipande kikae kina cha sentimita 5, jicho likitazama juu. Viwili kwa chungu vinatosha. Kiwe pia chungu unachoweza kukibeba, kwani utakitoa nje pale joto la usiku likishaacha kushuka chini ya nyuzi 15, na kukirudisha ndani kabla baridi haijarudi.

Sababu ya haraka yote hii ni kalenda. Manjano hutaka miezi minane hadi kumi tangu kuota mpaka kukomaa, na penye baridi msimu wa nje hautoi miezi hiyo. Kwa hiyo mwakani anza kuamsha ndani wakati baridi bado ipo. Ukingoja jua likushawishi, umechelewa.

Ndani ya nyumba adui ni utitiri mwekundu, hasa hewa ikikaushwa na hita. Ukiona vitone vilivyopauka juu ya jani na utando mwembamba chini yake, futa majani pande zote kwa kitambaa kibichi, rudia baada ya siku chache. Na usiku vuta chungu mbali na kioo cha dirisha.

Ukinunua tena, chagua vipande vyenye macho yaliyovimba, visivyokaa kwenye ubaridi wa friji. Mbegu za pakiti achana nazo kabisa: manjano ya jikoni hayazai mbegu ya kupanda, huzalishwa kwa vipande tu.

SWALI: Bibi, yangu yalifika kiunoni. Sasa majani yanapauka na kulala. Nimeongeza maji na mbolea, hayasikii.
— Mwenye Chungu Kikubwa

JIBU: Hayaumwi, yamekomaa. Siku zikifupika na baridi ikija, mmea hurudisha nguvu zake chini na kuyaacha majani. Acha kumwagilia, na mbolea pia acha. Mashina yakishakauka, pindua chungu juu ya gunia kuukuu, maana rangi yake haitoki nguoni.

Tenga vipande vinene vyenye macho kwa ajili ya mwakani, uvifukie kwenye mchanga mkavu, chumba cha nyuzi 13 hadi 15 hivi. Vilivyobaki, vile vibichi hukaa vizuri kwenye friza. Ukitaka unga, vichemshe mpaka vilainike, vikate vyembamba, uvianike mpaka vivunjike kwa mlio. Vikipinda bado vina maji. Ukivisaga hivyo vitaota ukungu kwenye chupa.