Tiketi ya Guangzhou na saa tano zilizopotea

SWALI: Shikamoo. Binti yangu anakwenda kusoma Guangzhou, China. Tiketi inaonyesha ataondoka Dar es Salaam 16:00 na kufika 07:30 kesho yake, bila kutua njiani. Kweli atakaa hewani saa kumi na tano na nusu? (Mama, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Marahaba, mama. Ni saa kumi na nusu tu. Tiketi huandika saa za mahali: 16:00 ni saa kumi jioni yetu, na 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi ya China, ambao wametutangulia kwa saa tano. Akishuka kule, Ujiji itakuwa saa nane na nusu usiku. Usikeshe ukingoja simu. Apige akishafika bwenini.

Umbali ni kilomita 8,700 hivi, na jeti kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa.

Kinachonitia wasiwasi ni kipande cha kwanza. Kigoma hadi Dar kwa anga ni kilomita 1,080 hivi, kama saa mbili kwa pangaboi. Lakini ikichelewa, na tiketi mmezikata mbalimbali, ndege ya China haimsubiri mtu, na nauli hairudi kirahisi. Tafadhali mtangulize Dar walau siku moja kabla, alale kwa ndugu. Akipanda treni, kilomita 1,250 za reli, mwongezee siku za akiba. Siku yenyewe awe uwanjani saa saba mchana, pasipoti na barua ya chuo vikiwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia.