Jengo Bila Rangi: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kupiga picha za majengo ya kisasa kwa nyeusi na nyeupe. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na marefu nimeyafupisha.

Swali: Kamera yangu inatoa rangi nzuri sana. Kwa nini nizitupe? Au ni mbwembwe tu za kutaka picha ionekane ya kisanii?

Kama sababu yako ni kuonekana msanii tu, baki na rangi zako. Nyeusi na nyeupe ina kazi yake, na kazi hiyo huonekana wazi kwenye jengo la kisasa kwa sababu wasanifu wengi wa karne ya 20 waliondoa nakshi na mapambo wakabakiza ukuta, uwazi, mstari na mwanga. Bango jekundu la jirani na gari la njano lililoegeshwa mlangoni huvuta macho kwenye picha ya rangi. Zikiondolewa rangi, vitu hivyo hunyamaza, na mtazamaji anaanza kuona mahali kivuli kinapoukata ukuta, au jinsi ngazi inavyoning'inia bila nguzo.

Lakini rangi ikiondoka, kuna ukweli unaoondoka nayo. Banda ambalo Ludwig Mies van der Rohe alilisanifu kwa maonyesho ya Barcelona ya 1929 lilibomolewa mwaka uliofuata. Kwa zaidi ya nusu karne, watu wengi walilijua kwa picha za nyeusi na nyeupe peke yake. Lilipojengwa upya na kukamilika mwaka 1986, wageni walikuta marumaru ya kijani, ukuta wa jiwe la oniksi wa rangi ya dhahabu na pazia jekundu. Zile picha zilikuwa zimesema kweli kuhusu umbo, ila zilichangia imani kwamba usasa maana yake ni weupe.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, jiulize rangi inafanya kazi gani kwenye jengo lililo mbele yako. Villa Savoye, nyumba ya msanifu Le Corbusier iliyokamilika Poissy, Ufaransa, mwaka 1931, ina kuta za chini zilizopakwa kijani. Kwenye picha isiyo na rangi kijani kile hugeuka kijivu cha giza, na boksi jeupe la juu linaonekana kuelea juu ya nguzo zake. Hapo umepoteza rangi ukapata wazo la msanifu mwenyewe. Sasa nenda kwenye nyumba aliyoisanifu Gerrit Rietveld huko Utrecht mwaka 1924, ambayo vipande vyake vyekundu, vya bluu na vya njano ndivyo vinavyokuonyesha kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Mimi nyumba hiyo nisingeipiga kwa nyeusi na nyeupe hata kwa kuombwa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Natumia simu. Niweke nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, au nipige kwa rangi kisha nigeuze?

Marahaba. Fanya yote mawili kwa pamoja ikiwa simu yako inaruhusu. Weka kioo kikuonyeshe nyeusi na nyeupe, lakini hifadhi faili ghafi (RAW), lile linalobeba taarifa zote za kihisi, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Kioo kinafundisha jicho lako kuona mwanga, nalo faili linakuachia rangi zote za kufanyia kazi baadaye. Ukihifadhi picha ya kawaida iliyokwisha kugeuzwa, rangi hazirudi tena.

Utakapogeuza, usiishie kuivuta rangi hadi sifuri. Chukua mfano wa ukuta wa matofali mekundu wenye mti mbele yake. Kwa rangi, mti unajitenga na ukuta bila shida. Ukifuta rangi bila kufikiri, wekundu wa matofali na ukijani wa majani vinaweza kuangukia kijivu kilekile, na mti ukazama ukutani. Programu nyingi za kuhariri zina sehemu ya kupandisha au kushusha mwanga wa kila rangi peke yake. Pandisha nyekundu, ukuta utang'aa na mti ubaki mweusi. Fanya kinyume, na majani ndiyo yatakayong'aa. Wapiga picha wa filamu walifanya hivyohivyo kwa kufunga kichujio chekundu, cha machungwa au cha njano mbele ya lenzi, ila wao walilazimika kuamua kabla ya kupiga.

Swali: Napenda anga jeusi kabisa nyuma ya jengo jeupe. Nalipataje?

Shusha bluu, au tumia kichujio chekundu kama unapiga filamu. Anga liwe la bluu kweli, kwa maana wingu jeupe halina bluu ya kushushwa. Ukizidisha, chembechembe zitajaa angani na utepe mweupe utatokea pembeni mwa jengo, na utepe huo ukishauona huwezi kuacha kuuona. Ushauri wangu ni kusimama kwenye kijivu kizito. Anga jeusi tii limetumika mno, na mara nyingi linaua kingo za jengo upande wenye kivuli, kwa sababu weusi unakutana na weusi.

Swali: Kila nikipiga ghorofa ndefu, inaonekana kama inaanguka kinyumenyume. Tatizo ni lenzi?

Lenzi haina kosa. Umeinua kamera. Kamera ikitazama juu, mistari ya wima huanza kukaribiana kuelekea kileleni. Ili ibaki wima, mgongo wa kamera lazima uwe sambamba na uso wa jengo.

Wanaofanya kazi hii kwa malipo hutumia lenzi inayoteleza kwenda juu huku kamera ikibaki imenyooka. Ni ghali, lakini unaweza kupata jiometri ileile bila kununua kitu. Chukua lenzi pana, geuza kamera wima, inyooshe kabisa bila kuiinua, piga, kisha kata sehemu ya chini ya picha ambayo itakuwa imejaa lami. Unapoteza ukubwa wa faili, ila mistari inabaki imesimama. Njia nyingine ni kupanda. Ukipata ruhusa ya kusimama kwenye jengo la jirani, usawa wa katikati ya lile unalolipiga, tatizo lote linaisha. Kunyoosha kwa programu nako kunasaidia, mradi uwe umeacha nafasi pembeni, kwa sababu kazi hiyo hula kingo za picha.

Jambo moja la kuangalia: ghorofa ndefu sana iliyopigwa kwa karibu na kunyooshwa asilimia mia huonekana imevimba kichwani. Acha mkaribiano kidogo. Na ukiamua kuinua kamera, iinue kwelikweli hadi mistari ikimbie kwa nguvu. Mwinamo wa nusunusu ndio unaoonekana kama kosa.

Swali: Kuta za zege zinatoka bapa, hazina uhai. Nipige saa ngapi?

Nilikuwa nalisubiri swali hili. Usiulize saa, uliza jua linaugusaje ukuta. Ukuta unaotazama mashariki hupigwa na jua usoni asubuhi na mapema, na wakati huo huonekana bapa kama unavyolalamika. Jua linavyopanda, miale inaanza kuuparuza ukuta kutoka upande. Muda mfupi kabla ukuta haujaingia kivulini, kila kijibonge na kila kishimo hutupa kivuli chake. Muda huo si mrefu, kwa hiyo uwe umeshasimamisha kamera na kupanga picha yako kabla haujafika.

Kisha sogea. Zege la Unité d'Habitation huko Marseille, Ufaransa, jengo la Le Corbusier lililokamilika mwaka 1952, liliachwa likiwa na alama za mbao zilizolishikilia lilipomwagwa. Kwenye ukuta wa namna hiyo utaona nyuzi za mbao, vifundo, na pale uji wa saruji ulipopenya kati ya ubao na ubao utakuta ukingo mwembamba umeinuka. Jua la ubavuni huupa ukingo huo kivuli chembamba kama uzi. Kwa rangi, macho yangekwenda kwenye madoa ya kahawia na ukijani wa ukungu. Bila rangi, unaona mikono ya waliojenga.

Si kila zege linataka jua kali, lakini. Tadao Ando, msanifu wa Japani, hutumia zege laini linalomwagwa ndani ya mabamba ya takriban sentimita 90 kwa 180, na vishimo vya duara vilivyopangwa kwa nidhamu. Hapo mkwaruzo ni mdogo. Kinachovutia ni jinsi mwanga unavyofifia polepole kutoka dirishani hadi kona, na jua kali huufuta mfifio huo. Ngoja wingu, au piga ukuta ulio kivulini unaopokea mwanga wa anga.

Wala siku ya mawingu matupu usiione imeharibika. Bernd na Hilla Becher, mume na mke kutoka Ujerumani, walianza mwaka 1959 kupiga minara ya maji, tanuri za chuma na mitambo mingine ya viwandani, na kwa makumi ya miaka walitafuta anga jeupe lisilo na kivuli. Walitaka umbo peke yake lizungumze, ili minara ikipangwa safu kwa safu tofauti zake zionekane. Picha zao ni funzo kubwa kwa yeyote anayedhani lazima kuwe na kivuli cha kishindo.

Swali: Ukuta mweupe kabisa unatoka kijivu kwenye picha zangu. Kamera imeharibika?

Hapana. Kipimamwanga hudhani kila kitu kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ukikipa ukuta mweupe, kinapunguza mwanga hadi ufike kwenye kijivu hicho. Ongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 2 (kila hatua huongeza mwanga mara mbili), huku ukitazama grafu ya mwanga, yaani histogramu, isigonge ukingo wa kulia. Weupe mzuri ni ule ambao bado unaonyesha plasta. Ukishaungua, hakuna programu itakayourudisha.

Swali: Majengo ya vioo yananishinda. Naona mawingu na majengo ya ng'ambo tu.

Kichujio cha kupunguza mng'ao, polaraiza, kinafanya kazi vizuri zaidi ukisimama kwa pembe ya nyuzi kama 35 kutoka kwenye uso wa kioo. Ukisimama mkabala nacho, hakisaidii kitu, na vioo vilivyopakwa utando wa metali humsumbua kila mtu. Lakini kwa nini uyaondoe mawingu? Mnara wa vioo bila kinachoakisiwa huwa shimo jeusi lenye gridi. Tafuta saa ambayo jengo la ng'ambo liko kwenye jua na la kwako kivulini. Lile la ng'ambo litajichora juu ya vioo, likiwa limekatikakatika kwa kila kioo kilichopishana kidogo na mwenzake.

Swali: Niweke watu au nisubiri wapite?

Weka mtu, ikiwezekana mmoja. Bila mtu, mtazamaji hajui kama mlango ule ni wa mita 2 au wa mita 6. Msimamishe pale ambapo nyuma yake pana mwanga kama amevaa nguo za giza, au pana kivuli kama amevaa nyeupe, la sivyo atayeyuka.

Picha inayonifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni ile ya Julius Shulman ya mwaka 1960, ya nyumba ya vioo aliyoisanifu Pierre Koenig juu ya kilima huko Los Angeles. Wanawake wawili wameketi wakizungumza ndani ya sebule iliyochomoza juu ya mteremko, na taa za jiji zimetandaa chini yao. Shulman aliacha filamu ipokee taa za jiji kwa dakika kadhaa huku ndani kukiwa giza, kisha akawasha balbu za flashi kuwamulika wale wanawake. Waondoe wawili hao na utabaki na paa, chuma na vioo. Wakiwepo, unatamani kuingia ukae.

Swali: Nilisimama barabarani nikipiga mnara wa ofisi, mlinzi akanifukuza. Ana haki?

Inategemea nchi na mahali ulipokanyaga. Uingereza, Ujerumani na Marekani, sheria za hakimiliki zinaruhusu kupiga picha jengo linaloonekana kutoka mahali pa umma. Ufaransa ni kali zaidi: tangu 2016 ruhusa ya namna hiyo inawahusu watu binafsi wasiofanya biashara. Uwanja ulio mbele ya mnara mara nyingi ni mali ya mwenye jengo hata kama unafanana na barabara, na hapo mlinzi anaweza kukukataza. Soma sheria ya nchi uliyopo. Kamera ya mkononi haishtui watu kama tripodi, na salamu ya heshima kabla hujaanza hufungua mengi.

Swali: Kukata picha baada ya kupiga ni udanganyifu? Mwenzangu anasema mpiga picha wa kweli hukamilisha kila kitu kwenye kamera.

Mwambie kuhusu mpiga picha Lucien Hervé. Mwaka 1949 alikwenda Marseille, Unité ikiwa bado inajengwa, akapiga picha 650 kwa siku moja. Le Corbusier alipoziona alimwandikia kwamba ana roho ya msanifu majengo, akamfanya mpiga picha wake hadi yeye Le Corbusier alipofariki mwaka 1965. Hervé alikuwa akichukua mkasi na kukata picha zake zilizochapishwa, wakati mwingine akibakiza kipande chembamba cha ukuta, kivuli na ukanda wa anga. Jaribu nawe: chapisha picha moja kwenye karatasi ya kawaida, chukua karatasi mbili nyeusi zilizokatwa umbo la L, zisogeze juu yake hadi kitu kimoja tu kibaki, kisha rudi kwenye jengo ukakipige hicho kikiwa kimejaza fremu nzima.