Nimkabidhi nani kijibwa changu?

SWALI: Shikamoo Mama Mifugo. Naishi Forest, hapa Mbeya. Mdogo wangu wa Dar es Salaam alinizawadia kijibwa aina ya Maltese, jike, mweupe, manyoya marefu mpaka yanamfunika macho. Tunamwita Pamba. Analala ndani na watoto wanampenda sana. Mwezi wa tatu nilimpeleka kwa kijana anayenyoa mbwa, akaniambia nimwache nirudi jioni. Kwa kumtazama alikuwa amependeza, lakini alikuwa anatetemeka, na tulipofika nyumbani nikaona kidonda kwapani. Nilipompigia simu yule kijana akasema mbwa wangu ni mkorofi. Tangu siku hiyo Pamba akisikia mashine ya baba watoto ya kunyolea ndevu anakimbilia chini ya kochi. Sasa manyoya yamerefuka na yameanza kufungana. Nimeelekezwa watu wawili: mmoja anawafuata mbwa majumbani, mwingine yuko kwenye duka la dawa za mifugo, na huyo anaogesha kwa dawa ya kupe hapohapo. Nitamjuaje wa kuaminika? Na kwa baridi hii ya Julai, nimnyoe kabisa au nimwache?

Mama Pamba, Forest, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole wewe, na pole zaidi Pamba. Hebu tumwondolee kwanza hilo jina la ukorofi. Mbwa wa kilo tatu anayetaka kumng'ata mtu anayemvuta manyoya yaliyofungana anasema kwamba anaumia, na hana njia nyingine ya kusema.

Kidonda cha kwapani kinanieleza mengi. Ngozi ya kwapa, ya kinena na ya nyuma ya sikio ni nyembamba na imelegea. Manyoya yakifungana hapo yanaivuta ngozi juu na kuibana ndani ya fundo. Mtu akiingiza mkasi kukata fundo, anakata na ngozi. Anayeijua kazi hapeleki mkasi hapo. Anatumia mashine yenye meno mafupi, pole pole, huku mkono wa pili umeinyoosha ngozi. Na mashine nayo ina hatari yake: chuma kinapata moto kikitumika muda mrefu. Fundi makini anasimama kila baada ya muda, anajigusisha ile mashine ndani ya kiwiko, na ikiwa ya moto anaiacha ipoe au anabadilisha meno. Kama kidonda cha Pamba kilikuwa mstari ulionyooka, ulikuwa mkasi. Kama kilikuwa wekundu mpana aliokuwa akijilamba, ilikuwa joto la mashine, na wekundu huo mara nyingi hujitokeza saa kadhaa baada ya kunyolewa.

Ajali inaweza kumpata hata fundi mzuri, maana mbwa anageuka ghafla. Lakini fundi mzuri anakuita akuonyeshe kidonda kabla hujakiona mwenyewe, anakuambia amekisafisha kwa dawa gani, na anakushauri kama umpeleke kwa daktari. Aliyenyamaza mpaka ukagundua nyumbani, halafu akamsingizia mbwa, usimrudie.

Sasa, daktari wa mifugo anasajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Unaweza kumwomba akuonyeshe usajili wake. Kinyozi wa mbwa hasajiliwi huko. Cheti kilichobandikwa ukutani kinaweza kuwa kizuri, ila hakikutoshi. Itabidi ukamkague mwenyewe, na mara ya kwanza nenda bila Pamba.

Mimi ningesikiliza anauliza nini. Akikuuliza mbwa ni mkubwa kiasi gani na una shilingi ngapi, basi, mshukuru uondoke. Ninayemtaka mimi anauliza: ana umri gani? Amechanjwa kichaa cha mbwa na parvo (ule ugonjwa wa virusi unaoua mbwa), na kadi iko wapi? Ana kifafa, anakohoa, ana tatizo la moyo? Ana mimba? Aliwahi kuumizwa akinyolewa? Hili la mwisho ni kubwa kwa Pamba. Mtu akishajua mbwa ana hofu ya mlio, atapanga kazi tofauti: ataanza na kitana, atawasha mashine mbali, na pengine siku ya kwanza atakata kucha tu na kumrudisha.

Halafu mwombe ubaki ukitazama. Wapo wanyoaji waaminifu watakaokuambia mbwa anahangaika zaidi akimwona mwenye mali, na kwa baadhi ya mbwa ni kweli. Sawa, basi ukae nje mlango ukiwa wazi, au dirishani. Anayekataa katakata usione chochote, na kukutaka urudi jioni, anakunyima kitu ambacho ni haki yako. Mbwa mdogo hahitaji kutwa nzima.

Ukishapata pa kukaa, tazama mikono. Anambebaje? Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Si kwa miguu ya mbele, wala kwa ngozi ya shingo. Mbwa wenye pua fupi kama Shih Tzu na Pekingese wana macho yaliyotokeza, na kuwakaba shingo kwa nguvu kunaweza kulitoa jicho mahali pake. Mbwa wadogo wengi pia wana koo dhaifu, kwa hiyo kamba ya kumfunga mezani isiwe kitanzi cha kumkaba. Na mezani pawe na mpira au taulo asiteleze, na mkono wa mtu usimtoke hata simu ikiita. Mifupa ya mkono wa mbele ya hawa wadogo ni myembamba, na kuruka tu kutoka mezani kunatosha kuivunja.

Mjaribu na kwa swali hili. Mwonyeshe yale mafundo umwambie, "Nataka uyachambue yote, manyoya yabaki marefu vilevile." Anayekuahidi kila kitu mwogope. Mwenye moyo na mnyama atayapapasa kwa vidole, kisha atasema, "Mama, haya ya juu nitayachambua, lakini haya yameshika ngozi, nitayanyoa. Kuyachambua ni kumtesa." Mwingine atanusa sikio akuambie, "Hili linanuka, mpeleke kwa daktari kwanza, leo sitamnyoa." Mwanangu, huyo aliyekataa hela yako kwa ajili ya afya ya mbwa wako ndiye wa kumshika. Katika mambo yote niliyokuandikia, hili ndilo ninaloliamini kuliko mengine.

Kuhusu wale wawili ulioelekezwa, nianze na wa duka la dawa, maana ananitia wasiwasi. Nimefanya kazi na ng'ombe wa maziwa Rungwe hadi kustaafu, na dawa za josho nazijua. Siku ya kuogesha ng'ombe walikuwapo waliokuja na mbwa wao ili nao wachovywe. Mbwa mkubwa wa kulinda anaweza kupona, lakini Pamba si ng'ombe. Baadhi ya dawa hizo zina amitraz, nyingine zina sumu za jamii ya organofosfeti, na chupa imeandikwa vipimo vya ng'ombe. Amitraz ikizidi, mbwa mdogo analegea, anatapika, mapigo ya moyo yanapungua na mwili unapoa. Zile organofosfeti zinamtoa udenda na kumtetemesha mwili mzima. Na mbwa aliyetoka kunyolewa ana michubuko midogo isiyoonekana, halafu anajilamba. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja: dawa unayotumia ni ipi, na chupa yake imeandikwa mbwa? Omba uishike chupa uisome. Akikujibu "hii ni ya wanyama wote", usimpe Pamba. Sisemi kupe waachwe, kwani kupe wa mbwa wanaleta babesia na ehrlichia, magonjwa yanayoua. Nasema dawa ya kupe ipangwe na daktari kwa uzito wa Pamba. Na kama una paka nyumbani, mwambie daktari mapema, maana dawa za mbwa zenye permethrin zinaua paka.

Huyu anayefuata mbwa majumbani ningeanza na yeye, kwa sababu Pamba atakuwa nyumbani kwenu na wewe utakuwa unaona kila kitu. Udhaifu wake uko kwenye begi. Mkasi uliotoka Uyole asubuhi ukaja Forest mchana unaweza kuleta mapunye, upele wa mbwa, hata parvo, ambayo kirusi chake kinaishi miezi mingi mahali kilipodondoka. Muulize anasafishaje. Jibu zuri ni kwamba anaondoa manyoya yote kwenye vifaa, anaosha kwa sabuni, ndipo anatumia dawa ya kuua vijidudu. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kazi yake. Taulo na kitana cha Pamba toa vyako.

Kidonge cha kumtuliza usikubali kutoka kwa kinyozi yeyote, wa duka wala wa nyumbani. Dawa ya usingizi inatolewa na daktari aliyemsikiliza moyo na kumpima uzito. Kama hofu ya Pamba imezidi kiasi hicho, basi anyolewe kwa daktari, na gharama hiyo ina maana.

Na baridi? Usimnyoe mpaka ngozi. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu joto linashuka chini ya nyuzi 10, na Maltese hana manyoya ya ndani ya kumkinga. Mwambie abakize sentimita 2 hivi mwilini, apunguze kuzunguka macho, chini ya nyayo na sehemu ya haja, na anyoe mafupi pale tu palipofungana. Maji ya kuogea yawe ya vuguvugu, na asitolewe nje hadi akauke mpaka kwenye ngozi. Mafundo yashughulikiwe kabla ya kuoga, kwa sababu yakilowa na kukauka yanakaza zaidi. Hata mpangilio huu wa kazi utakuonyesha kama mtu anajua: anayeanza kumwaga maji kabla ya kitana bado anajifunza.

(Wenye Pomeranian na Japanese Spitz msichukue ushauri wa Pamba. Mbwa wenu wana manyoya ya tabaka mbili. Wakinyolewa kabisa, yanaweza kuota kwa mabaka au kuchelewa sana. Wao ni kuchanwa na kupunguzwa ncha.)

Wewe nyumbani mchane kila siku kwa kitana cha chuma kinachofika kwenye ngozi, kwapani na nyuma ya masikio kwanza. Akivaa sweta mvue usiku, kwa kuwa sweta linasugua na kufunga manyoya. Kucha ukiona inazunguka kuelekea kwenye nyama, hasa ile ya pembeni isiyogusa chini, usisubiri siku ya kunyoa. Na sabuni yake iwe ya mbwa. Ya watu, hata ya mtoto mchanga, imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko yake.

Ukimpata anayemshika Pamba kwa upole, mlipe vizuri na usimharakishe. Huku nyanda za juu ni wachache.

SWALI: Habari Mama Mifugo. Nina kitoto cha Shih Tzu cha miezi miwili, niko Gangilonga, Iringa. Rafiki yangu ananiambia nimpeleke kunyolewa mapema ili azoee. Ni sawa?

Kaka wa Gangilonga, Iringa

JIBU: Azoee, ndiyo, ila asitoke bado. Chanjo za watoto wa mbwa huanza wiki ya 6 hadi ya 8, zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Kabla hajazimaliza usimpeleke mahali wanapopita mbwa wengine, kwa sababu parvo inaua watoto kwa siku chache. Ya kichaa cha mbwa atachanjwa akifika miezi 3, halafu fuata tarehe za kurudia ambazo daktari amekuandikia kwenye kadi.

Mazoezi yafanyie hapo sebuleni. Kila jioni shika nyayo zake moja moja, fungua kidogo midomo, gusa masikio, mpitishie kitana mara mbili tatu, kisha mpe kipande cha nyama. Washa mashine ya kunyolea chumba cha pili akiwa anakula, na kila wiki isogeze karibu zaidi. Akishtuka, irudishe mbali. Akimaliza chanjo mpeleke kwa kinyozi mara ya kwanza asalimiwe tu na kuchanwa, bila kunyolewa. Kinyozi atakayekubali kufanya hivyo kwa malipo madogo, chukua namba yake ya simu.