Pesmeka kwa mtoto wa kilo 6: usisubiri tundu dogo

Mama wa Bukavu, nimekuelewa: mtoto ana miezi 7, kilo 6, moyo unapiga polepole. Daktari anataka kufungua kifua amwekee pesmeka, yaani kifaa chenye betri na waya kinachouchochea moyo upige, na shemeji anasema Marekani wanapitishia kwenye tundu dogo kifuani. Shemeji hadanganyi, ila ana haraka. Kule Washington, hospitali ya Children's National, njia hiyo waliijaribu kwanza kwa watoto wa nguruwe. Usimcheleweshe mwanao kwa kuisubiri njia hiyo.

Mishipa ya mtoto mdogo hivyo ni myembamba. Waya ukipita ndani unaweza kuiziba. Ndiyo maana waya hushonwa juu ya moyo wenyewe, betri ikakaa tumboni. Kovu litabaki, ndiyo. Mimi ningehangaikia zaidi betri: itaisha baada ya miaka kadhaa. Nani ataibadilisha, wapi, kwa pesa gani? Wakikutuma Kigali, uliza hilo kabla hujavuka mto Rusizi.

Nawe upimwe damu. Wakati mwingine kingamwili (chembe za kinga zilizo kwenye damu) za mama huharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto angali tumboni, hata mama akijiona mzima, na mimba nyingine itahitaji kufuatiliwa.

Akizimia, akibadilika rangi au akishindwa kunyonya, kimbilia hospitali papo hapo, hata kama ni usiku.