Maswali na Majibu: Mkeka, kausha damu na mgongo unaouma

Wiki hii nimechagua barua za wenye mzigo mara mbili: mgongo usiopona miezi na miezi, na kubeti kulikoingia ndani ya nyumba.

Mume wangu ameacha kubeti mwezi wa pili huu. Watu wa kausha damu (wakopeshaji wa riba kubwa) wanamdai laki nane. Nina akiba ya kikoba niliyoiweka kwa matibabu ya mgongo. Nimlipie yaishe? (Mama, Mbagala)

Usilipe. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, na bado kila wiki mtu anavunja kibubu. Deni likilipwa kwa mkupuo na mwingine, mlango wa kukopa unafunguka upya, naye anajua kuna wa kumwokoa.

Kaeni mezani mchana, aandike kwa mkono wake madeni yote kwenye karatasi moja: anayedai, alichochukua, kilichobaki, riba, tarehe na alichoweka rehani. Orodha ya kwanza huwa pungufu. Baada ya wiki muulize tena. Kama kadi ya benki na namba ya siri viko kwa mkopeshaji, aende benki kesho akaifunge, aombe mpya, kisha wakubaliane upya kiasi cha marejesho. Marejesho yatoke kwenye kipato chake, yamfikie mdai moja kwa moja, risiti ukae nayo wewe. Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, nayo ni deni: hela ikiingia inakatwa kwanza, kwa hiyo usimtumie ya chakula kwenye laini hiyo. Mshahara ukitoka, nunueni LUKU, gesi na unga siku hiyohiyo, na ada ilipwe kwa namba ya malipo ya shule.

Ya kikoba ipeleke kliniki. Wewe ukilazwa, nani atashika hela ya nyumba?

Nakagua simu yake kila usiku akishalala. Nakaa kitandani hadi saa nane, asubuhi siwezi kuinama kuvaa viatu.

Acha. Kukosa usingizi kunazidisha maumivu, na upelelezi wa usiku unamfundisha kufuta meseji tu. Jumamosi asubuhi yeye mwenyewe aombe taarifa ya miamala, muipitie pamoja kwa dakika 20. Wewe simama, simu iwe juu ya kabati usawa wa kifua. Tafuta vijihela vya 500 na 1,000 vinavyofuatana usiku, hela inayokwenda mara kwa mara kwa rafiki mmoja (huenda huyo ndiye anayembetia), na iliyotolewa kwa wakala bila kitu kununuliwa. Uliza pia kuhusu laini ya pili.

Na zile akaunti za kubeti? Aandikie huduma kwa wateja wa kila kampuni akitaka afungiwe kabisa, jibu alipige picha. Kufuta programu pekee ni kujidanganya. Inarudi kwa dakika mbili.

Mkanda wa mgongo unasaidia?

Kwa maumivu sugu, hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unashauri usitumike kama tiba ya kawaida. Hela ya mkanda nunua raba za kutembelea.

Nina bodaboda. Mgongo umenilaza wiki mbili, nimeanza kubeti nikiwa kitandani ili nipate hesabu ya bosi, ile hela ninayompelekea mwenye pikipiki. Nilale hadi lini?

Amka leo. Kulala kunakaza misuli na kuidhoofisha, na kitanda chenye simu ndicho kibanda chako cha kubeti. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono, usinyanyuke kwa kiuno. Tembea dakika 10 asubuhi, mchana na jioni, ukiongeza dakika mbilimbili kadiri unavyozoea. Simu ichajiwe sebuleni.

Mwambie bosi ukweli kabla hajakuja kuchukua pikipiki. Mkeka wa mechi 12 (tiketi moja ambayo mechi zote lazima zitoke ulivyobashiri), hata kama kila moja ingekuwa na nafasi ya asilimia 70, unatiki takriban mara moja katika 72. Hiyo si hesabu ya bosi.

Ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, ukipata ganzi makalioni na sehemu za siri, au mguu ukilegea, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mama ana miaka 61. Alipewa pramipexole kwa miguu inayomsumbua usiku, tangu hapo hakauki kwenye bahati nasibu. Ni uzee?

Si uzee, na msimwite mlafi. Dawa za kundi hilo zinajulikana kuwasha hamu ya kamari kwa baadhi ya watu, hata wasiowahi kucheza. Mrudisheni kwa daktari aliyeiandika wiki hii, na tarehe ya kuanza dawa na ya kuanza kucheza zikiwa kwenye karatasi. Asiikatishe ghafla, daktari ndiye atakayeipunguza au kuibadilisha. Wakati huo, simu yenye hela ashike mwingine.

Mdogo wangu ameliwa hela ya ada. Jana amesema bora afe. Anatania?

Ichukulie kuwa ni kweli. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Asibaki peke yake, mpeleke hospitali leo. Umeandika kwamba unatumia amitriptyline na tramadol kwa mgongo: zikizidishwa zinaua, na ziko kwenye droo chumba anacholala. Baki na dozi ya siku mbili mfukoni, nyingine mwachie jirani.