Nta yangu inatoka chafu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Nimeshakamua asali, masega nikayayeyusha kwenye sufuria, lakini nta imetoka nyeusi na ina mauchafu kibao. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri tu. Kwanza uliyaosha? Asali ikibaki inaungua na nta inakuwa nyeusi, kwa hiyo yaloweke kwenye maji ya baridi, yakamue, halafu yafunge kwenye kitambaa chepesi uyazamishe kwenye sufuria ya maji, moto mdogo sana, nta inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi so hakuna haja maji yachemke, na usiiache peke yake jikoni maana ikizidi moto inawaka kama mafuta. Ikiyeyuka inapanda juu, uchafu mwingi unabaki kitambaani. Zima, acha ipoe taratibu bila kuitikisa, kesho yake unatoa kipande kizima, kwangua ule utando wa chini, rudia tena kama bado chafu. Masega ya zamani yaliyolelewa majana (watoto wa nyuki) hayo hata uchuje vipi nta ni kidogo na rangi haitakuwa ya njano safi, yayeyushe kivyake. Na tumia sufuria chakavu jamani, nta haitoki kirahisi.